Mambo ya Uraia: Kijana Afundishwe Kuhesabu Kura

Kijana wa Kenya atimizapo umri wa miaka 18, sheria humhesabu kuwa mtu mzima, naye hupata haki ya kumchagua Rais wa nchi na Mwakilishi wa Wadi yake kwa nguvu ile ile aliyo nayo baba yake. Hapewi mtihani wowote. Haulizwi kama ajua kura huhesabiwaje, wala ni nani huzihesabu, wala hesabu ikiisha huandikwa wapi. Mtu atakaye kuendesha lori hufundishwa kwanza, akapimwa barabarani, ndipo akapewa leseni. Lakini huyu hukabidhiwa nchi nzima na watu waliomo, na mafunzo yake, mara nyingi, ni yale aliyoyasikia jioni wazee wakibishana, na mengine aliyoyapata kutoka kwa magari yenye vipaza sauti.

Si kwamba ingefaa uwepo mtihani. Kenya ilikwisha kuonja jambo la namna hiyo. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika wa nchi hii walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wenyewe, watu wanane, waingie katika Baraza la Kutunga Sheria. Kabla ya hapo, tangu Bw. Eliud Mathu alipoingia mwaka 1944, Mwafrika aliketi katika Baraza lile kwa kuteuliwa tu. Kanuni za 1957 zilifuata taarifa ya Bw. Coutts, nazo hazikumpa kila mtu mzima kura. Ilitazamwa elimu ya mtu, mapato yake, mali yake, na miaka aliyotumika kazini. Aliyetimiza mengi aliweza kupewa kura mpaka tatu, na jirani yake wa mpakani asipate hata moja. Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa ajili ya Hali ya Hatari, walitakiwa zaidi ya hayo wawe na cheti cha utiifu. Walioandikishwa nchi nzima walikuwa wapata 126,000. Katika waliochaguliwa walikuwamo Bw. Tom Mboya wa Nairobi, Bw. Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Bw. Ronald Ngala wa Pwani na Bw. Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, na Bw. Mathu mwenyewe alishindwa na Bw. Bernard Mate. Wajumbe hao wanane, licha ya kuchaguliwa kwa kanuni zile, walizikataa mara moja, wakadai viti zaidi. Ulipofika uchaguzi wa Mei 1963 kila mtu mzima aliyeandikishwa alikuwa na kura yake moja, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Mwenye kura tatu hakuwa na akili mara tatu, wala taabu ya nchi haikumwangukia mara tatu.

Mtihani, basi, haufai. Yapasa kufundisha, tena kufundisha mapema, kijana angali na miaka 14 au 15, kabla moyo wake haujashikwa na chama wala na mtu.

Iko hatari, hata hivyo, ya kufundisha jambo jepesi na kuliacha lililo zito. Shule nyingi hufundisha majina ya vyeo. Ni kweli kwamba tangu Katiba ya 2010 mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi sita kwa siku moja: ya Rais, ya Gavana wa kaunti, ya Seneta, ya Mwakilishi wa Wanawake, ya Mbunge, na ya Mwakilishi wa Wadi. Ni kweli kwamba kaunti ni 47, majimbo ya uchaguzi 290, na wadi 1,450. Hayo yote mwalimu aweza kuyaandika ubaoni kwa dakika ishirini, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri atayajibu katika mtihani. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa kwa nini sanduku hufunguliwa mbele ya watu kabla ya mtu wa kwanza kupiga kura, atanyamaza. Tena ajabu ni kwamba hata babaye hujua kwa uhakika ni nani anayefaa, lakini hajui karatasi yake huenda wapi ikiisha kutumbukizwa.

Njia iliyo bora ni kuwafanyisha vijana uchaguzi wenyewe. Wala usiwe mchezo wa kuchagua baina ya chungwa na embe, maana mtoto hujua upesi sana jambo lisilo na maana. Na wachague kiongozi wa darasa mwenye kazi halisi, au waamue fedha za mboga za shamba la shule zinunue nini. Jambo likiwa lao kweli, watabishana kweli, na hapo ndipo somo huanza.

Tuseme darasa lina wanafunzi 45. Kazi ya kwanza ni daftari. Mwalimu atangaze kwamba kila atakaye kupiga kura ajiandikishe kabla ya saa kumi ya Ijumaa, kisha daftari lifungwe. Wawili watachelewa, daima wako wawili. Jumatatu watakuja na malalamiko, na wenzao watawahurumia, na mwalimu mwenye moyo laini atataka kuwaingiza. Asiwaingize. Ni afadhali mtu alikose jina lake katika daftari akiwa na miaka 15, kwa jambo la mboga, kuliko kusafiri kutoka Mombasa mpaka Vihiga siku ya uchaguzi mkuu na kurudi kidole chake hakina wino.

Wamebaki 43. Wagombea watatu wamejitokeza, wamesema maneno yao, wamejibu maswali. Kura zimepigwa, zimehesabiwa: wa kwanza amepata 17, wa pili 13, wa tatu 11, na karatasi mbili zimeharibika. Moja ya hizo imetiwa alama kwa watu wawili, na ya pili mwenyewe ameandika jina lake chini, kwa kuona fahari. Sheria ya Kenya huzikataa zote mbili. Ya kwanza haionyeshi mtu alitaka nini, na ya pili imemfunua aliyeipiga.

Ni nani ameshinda? Darasa litapiga kelele kwamba ni wa kwanza. Naam, kama kanuni ni ile itumikayo kwa Wabunge na Magavana, mwenye kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake ndiye mshindi, basi. Lakini mwalimu aandike ubaoni 13 na 11, azijumlishe, awaonyeshe kwamba wanafunzi 24 hawakumtaka huyo mwenye 17. Kisha awaeleze kanuni ya Rais. Katiba humtaka mgombea wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, tena apate angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa mbele hurudiana katika muda wa siku 30. Nusu ya kura 41 zilizo halali ni 20 na nusu, kwa hiyo mwenye 17 hajafika. Na warudie. Yule wa tatu atoke, na wale 11 waliomchagua waende watakako. Yaweza kutokea, tena hutokea, kwamba aliyekuwa wa pili sasa apate 23, na aliyekuwa wa kwanza apate 20.

Hapa mwalimu anyamaze kidogo, awaache wastaajabu. Watu ni wale wale, darasa ni lile lile, na hakuna aliyeiba. Lakini kanuni moja imempa ushindi huyu na kanuni nyingine imempa yule. Kijana akiisha kuliona hilo kwa macho yake, atafahamu jambo ambalo watu wazima wengi hawalifahamu, kwamba kanuni hukubaliwa kabla ya kura, na mtu anayetaka kuibadili baada ya kuona hesabu anataka kitu kingine, si haki.

Mkulima anaweza kuyafundisha hayo hayo bila ubao. Siku ya mkutano mkuu wa chama cha ushirika cha kahawa au maziwa, na amchukue mwanawe akakae nyuma na kutazama. Ataona kwamba mwenye mikahawa 200 na mwenye mikahawa 2,000 wana kura moja moja katika kuchagua kamati. Amwulize mtoto kama hiyo ni haki. Huenda mtoto akasema si haki, maana mwenye mingi ana hasara kubwa zaidi chama kikianguka. Hilo si jibu la kipumbavu. Ndilo walilolijibu wenye kutunga kanuni za 1957. Baba asimkemee, bali amwulize tena, mwenye mikahawa 200 akipoteza yote atalisha watoto wake kwa nini?

Sasa kuhusu siri. Vijana wa leo huona siri ya kura kuwa jambo la kawaida tu, kama mlango wa choo. Yafaa wasimuliwe habari za mwaka 1988. Wakati huo Kenya ilikuwa na chama kimoja tu kwa sheria, na katika kuwateua wagombea wa ubunge watu walipanga mstari nyuma ya mgombea waliyemtaka, au nyuma ya wakala aliyeshika picha yake. Huo ndio ulioitwa mlolongo. Aliyepata zaidi ya sabini kwa mia katika mstari alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa, bila kura ya siri kufuata. Mwalimu alijipanga na mkubwa wake anamtazama. Mwenye duka alijipanga na chifu anamtazama, na leseni yake i karibu kumalizika. Palikuwa na mahali ambapo mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, watu wakiwa wamesimama pale pale wakiona. Na ubaya wake mkubwa haukuwa huo peke yake. Karatasi ikiwekwa katika sanduku hubaki, yaweza kuhesabiwa mara ya pili na ya tatu, hata mbele ya jaji. Mstari, watu wakiisha kwenda nyumbani kula, umekwisha. Hakuna mahakama iwezayo kuurudisha. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwishoni mwa 1990 chama kiliuacha mtindo huo. Mwaka uliofuata sheria ya chama kimoja ikaondolewa, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanywa Desemba 1992.

Wala Kenya haikuwa nchi ya kwanza kujifunza hivyo. Huko Uingereza kwenyewe, mpaka mwaka 1872, mtu alipiga kura kwa kutamka jina la mgombea mbele ya watu, na jina hilo likaandikwa kitabuni. Mpangaji aliyetaja jina lisilompendeza mwenye shamba aliweza kufukuzwa na watoto wake. Uchaguzi wa kwanza wa Bunge uliofanywa kwa siri huko ulikuwa katika mji wa Pontefract, Agosti 1872, na sanduku lake lingaliko katika jumba la makumbusho la mji huo. Lilitiwa lakiri kwa muhuri wa kiwanda kilichotengeneza peremende za susi, kwa maana mji ule ulikuwa maarufu kwa peremende hizo. Watoto hupenda habari hiyo, na habari ambayo watoto huipenda hubaki kichwani.

Jaribio la kuwaonyesha faida ya siri ni rahisi. Mwalimu achague jambo ambalo mkubwa wa darasa, yule kijana mwenye nguvu, ana maoni yake juu yake. Kwanza apigishe kura kwa kuinua mikono. Aandike hesabu. Kisha papo hapo, bila mjadala mwingine, apigishe kura ya jambo lile lile kwa karatasi, kila mmoja peke yake nyuma ya kabati. Aandike hesabu ya pili kando ya ile ya kwanza. Kama hesabu zimelingana, darasa hilo lina bahati. Kama hazikulingana, hakuna haja ya hotuba.

Siri hiyo ndiyo inayomfanya mtoa rushwa awe mjinga. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 humhesabu anayetoa na anayepokea kuwa wote wawili wana hatia. Lakini kabla ya kutaja jela, na ipigwe hesabu. Mgombea ametoa shilingi 200. Miaka mitano ni siku 1,825. Gawanya: ni senti 11 kwa siku. Kwa senti 11 kwa siku mtu ameuza zahanati, daraja, na karo ya mdogo wake. Na yule mnunuzi hana njia ya kujua kama mali aliyoinunua ameipata, maana ndani ya kibanda cha kupigia kura hayupo. Ndiyo sababu kijana aonywe mapema juu ya simu. Mtu anayemwambia aipige picha karatasi yake iliyotiwa alama, ati ya ukumbusho, anataka risiti.

Tufike kwenye kuhesabu, ambako ndiko kwenye moyo wa jambo hili.

Katika kituo cha kupigia kura cha Kenya, mambo huenda hivi. Asubuhi, kabla ya kituo kufunguliwa saa kumi na mbili, msimamizi huwaonyesha mawakala wa wagombea masanduku yakiwa matupu, kisha huyafunga kwa lakiri zenye namba, na mawakala huziandika namba hizo. Mpiga kura hutambuliwa, hupewa karatasi zake, huingia kibandani, hutia alama, hutumbukiza kila karatasi katika sanduku ambalo rangi ya kifuniko chake yafanana nayo, hupakwa wino kidoleni. Saa kumi na moja jioni mlango hufungwa, lakini aliye katika mstari saa hiyo hupiga kura yake. Kisha sanduku hufunguliwa pale pale, halipelekwi kokote. Karatasi huinuliwa moja moja, mawakala wakaiona, wakasikia jina. Mwisho msimamizi huandika hesabu katika fomu, ambayo kwa urais huitwa Fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, hupewa nakala, na nakala moja hubandikwa mlangoni mwa kituo, kila apitaye aisome.

Hiyo karatasi ya mlangoni ina nguvu kuliko maneno mengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliingia katika mauaji. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa, na waliofukuzwa makwao walikuwa malaki. Tume nyingine, ya Jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini, ilichunguza hesabu zenyewe, na 2008 ilisema kwamba haikuwezekana tena kujua kwa hakika ni nani alishinda urais. Vijana waliosimama njiani na mapanga walikuwa wamepiga kura. Wengi wao hawakuwa wamepata kuona kura ikihesabiwa, wakaamini waliloambiwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hesabu ya urais iliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho, wala mkubwa aliyeko Nairobi hana ruhusa ya kuibadili. Tarehe 1 Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa Rais uliofanywa tarehe 8 Agosti, na mojawapo ya mambo yaliyoushinda uchaguzi ule ni hizo fomu na jinsi zilivyopelekwa. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba.

Katika uchaguzi wa Agosti 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka Fomu 34A katika intaneti, mtu yeyote azisome. Vituo vilikuwa 46,229. Hilo ni somo la hesabu lililo tayari. Mwalimu achukue fomu za vituo vyote vya wadi ya shule, awagawie wanafunzi wawili wawili, wajumlishe. Wataona mwandiko wa watu, mahali palipofutwa na kuandikwa upya, sahihi za mawakala, na kituo ambacho mgombea fulani hakupata hata kura moja. Wakipata jumla isiyolingana, na warudie; mara nyingi kosa ni lao. Na kijana aliyekwisha kukosea mwenyewe katika kujumlisha vituo ishirini hatapayuka upesi kwamba kila tarakimu iliyokosewa ni wizi. Wala hatadanganywa upesi na yule asemaye kwamba hakuna wizi uwezekanao.

Kutoka katika tarakimu hizo hizo hupatikana jibu la swali ambalo vijana huliuliza kila mara, kwamba kura moja yafaa nini. Mwaka 2022 Bw. William Ruto alitangazwa kuwa amepata kura 7,176,141 na Bw. Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Igawanye kwa vituo 46,229, utapata kura tano. Kura tano katika kila kituo! Watoto wa mji mmoja hushinda hesabu hiyo. Na huko Zanzibar, katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Viti vyote vilikuwa 22, na kambi mbili zikagawana 11 kwa 11, hata serikali haikuweza kuundwa ila kwa kurudia uchaguzi mwezi wa Juni. Liko jina la mtu fulani ambaye siku ile ya Januari alikaa nyumbani kwa sababu ya jua kali, lakini hakuna alijuaye.

Kijana pia hana budi kufundishwa kushindwa, na jambo hili walimu huliruka. Mara kiongozi wa darasa akiisha kutangazwa, makofi hupigwa, na aliyeshindwa hurudi kitini pake hana la kufanya. Na apewe kazi. Akiwa ana shaka, aombe karatasi zihesabiwe upya mbele yake. Akiona kanuni imevunjwa, aandike malalamiko, na walimu wawili wasikilize na kutoa uamuzi kwa maandishi. Katika nchi, asiyeridhika na uchaguzi wa Rais hupeleka shauri katika Mahakama ya Juu ndani ya siku saba, nayo huamua ndani ya siku 14. Ilifanyika hivyo 2013, 2017 na 2022, na mara moja katika hizo tatu mlalamikaji alishinda. Kijana ajue kwamba njia hiyo ipo, na kwamba mara moja ilifunguka. Na mwisho, akishindwa hata huko, na abaki darasani, awe mtu wa kumwuliza kiongozi kila Ijumaa kuhusu zile fedha za mboga. Kiongozi mwenye mtu kama huyo nyuma yake huweka hesabu vizuri.

Wako watu wasemao kwamba vijana hawajali mambo haya. Hesabu za Tume za 2022 zilionekana kuwaunga mkono: katika watu milioni 22 na zaidi walioandikishwa, walio chini ya miaka 35 walikuwa wapata 40 tu kwa mia, na walikuwa wamepungua kuliko 2017. Lakini Juni 2024 vijana walijaa barabarani kwa ajili ya Mswada wa Fedha. Tarehe 25 mwezi huo Bunge liliupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo watu waliuawa kwa risasi. Na siku ya pili Rais akasema hatautia sahihi. Katika siku zile vijana wengi walifanya jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewaagiza. Waliitafuta orodha ya Wabunge, wakasoma jina kwa jina, ni nani alisema ndiyo na ni nani alisema la. Hawakuwa watu wasiojali. Wengi wao hawakuwa wameonyeshwa kwamba ile orodha ya 195 ilianzia katika karatasi za Agosti 2022, na kwamba wenzao wengi hawakuwamo katika daftari la siku ile.

Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Lakini mzazi asiihesabu siku hiyo. Mtoto huandikishwa akiwa amekwisha kutimiza miaka 18 na akiwa na kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi, na daftari hufungwa kabla ya uchaguzi. Kitambulisho huanza kwa cheti cha kuzaliwa, na vyeti vya kuzaliwa katika nyumba nyingi viko chini ya godoro, au vililiwa na mchwa, au jina la mama limeandikwa vibaya. Hiyo ni kazi ya mwaka huu. Kijana akiisha kupata kitambulisho, na aende mwenyewe katika afisi ya Tume ya jimbo lake, achague kituo kilicho karibu na mahali atakapokuwa siku hiyo, si mahali alipozaliwa kwa ajili ya desturi tu. Na daftari litakapowekwa wazi likaguliwe, na arudi alitazame jina lake, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho.